Ugumu si Makali: Somo la Kuchagua Feleji ya Unga kwa Ubapa wa Kisu

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Methali hii hufunzwa tangu shule ya msingi, na aghalabu hufafanuliwa kwa maana ya uwezo: mwenye nyenzo bora ndiye afaidiye. Hata hivyo, kuna jambo moja katika methali hiyo ambalo hupitwa na wengi. Wahenga walisema kisu kikali. Hawakusema kisu kigumu. Kwa msemaji wa kawaida, tofauti ya vivumishi hivi viwili huenda ikaonekana kuwa ndogo. Kwa mfua visu na kwa mnunuzi wa kisu, ni tofauti inayoweza kumgharimu mtu fedha nyingi.

Tangu miaka ya 1970, viwanda vya Uswidi, Marekani na Japani vimekuwa vikitengeneza feleji kwa njia ya unga, na katika miongo ya karibuni feleji hizo zimeingia kwa wingi katika soko la visu. Baadhi yake hufikia ugumu ambao mhunzi wa zamani asingeuota. Matangazo ya visu hivyo hutanguliza tarakimu moja tu, nayo ni ya ugumu. Mnunuzi huelezwa kuwa kisu hiki kina alama 62, kile 67, na kile kingine 70. Naye, kwa mazoea ya mtihani wa shuleni, hudhani kuwa mwenye alama ya juu ndiye bora.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa dhana hiyo ni potofu. Ugumu ni sifa moja tu miongoni mwa sifa nne za feleji ya kisu, na mara nyingi sifa moja inapopandishwa, nyingine hushuka. Kwa hiyo uchaguzi wa busara hauanzi na tarakimu. Unaanza na maswali mawili: kisu kitafanya kazi gani, na ni nani atakayekinoa?

Ufafanuzi wa istilahi

Kiswahili kina maneno kadhaa ya kutajia chuma kilichoboreshwa kwa kaboni. Wapo wasemao chuma cha pua, au pua tu. Lipo pia neno feleji, lililozoeleka tangu zamani katika lugha ya panga na majambia. Makala haya yanatumia neno feleji kwa sababu ni fupi na kwa sababu tangu hapo limehusishwa na silaha zenye makali. Feleji ya unga, basi, ni feleji iliyopitia hali ya chembechembe ndogo kabla ya kushikamanishwa kuwa kipande kimoja.

Sifa nne za feleji ya kisu ni hizi. Kwanza ni ugumu, yaani uwezo wa kukinza kubonyezwa au kupindwa. Pili ni ushupavu, yaani uwezo wa kupokea pigo au mpindo bila kupasuka wala kumeguka. Tatu ni uvumilivu wa msuguano, yaani uwezo wa kutolika upesi feleji inaposuguana na vitu vingine. Nne ni ukinzani wa kutu.

Msomaji atatambua kuwa makali hayamo katika orodha hiyo. Sababu ni kwamba makali si sifa ya feleji bali ni sifa ya umbo. Makali ni mahali ambapo pande mbili za ubapa hukutana katika ukingo mwembamba. Hata bati la mkebe lililochanwa laweza kumkata mtu kidole, ilhali bati ni laini. Kazi ya feleji ni kuamua ukingo huo utaweza kufanywa mwembamba kiasi gani, utadumu kwa muda gani, na utaharibika kwa namna gani.

Istilahi ya ushupavu inahitaji maelezo kidogo, kwa kuwa ndiyo inayochanganywa mno na ugumu. Katika mazungumzo ya kila siku, kitu kigumu hudhaniwa kuwa hakivunjiki. Kioo, hata hivyo, ni kigumu kuliko waya wa seng'enge. Kioo hukwaruza waya, wala waya haukwaruzi kioo. Vyote viwili vikigongwa kwa nyundo, kioo husambaratika na waya hupindika tu. Kioo kina ugumu bila ushupavu. Waya una ushupavu bila ugumu mwingi. Kiswahili chenyewe kinatoa mwongozo katika jambo hili. Mtu mgumu ni yule asiyekubali kubadilika. Mtu shupavu ni yule anayepigwa na dhoruba za maisha akabaki amesimama. Kisu nacho huhitaji vyote viwili, kila kimoja kwa kipimo chake.

Ugumu hupimwaje?

Kipimo kinachotajwa katika matangazo ya visu ni kile cha Rockwell C. Kilitokana na uvumbuzi wa Hugh Rockwell na Stanley Rockwell, waliofanya kazi katika jimbo la Connecticut, Marekani, na kupata hataza mwaka wa 1919. Katika upimaji huo, ncha ya almasi yenye umbo la pia na pembe ya digrii 120 hukandamizwa juu ya feleji kwa uzito wa kilo 150, kisha kina cha shimo linalobaki hupimwa. Kadiri shimo linavyokuwa fupi, ndivyo alama inavyopanda.

Kila alama moja ni sawa na milimita 0.002 ya kina. Maana yake ni kwamba feleji yenye alama 60 huachiwa shimo la milimita 0.08, na ile yenye alama 65 huachiwa shimo la milimita 0.07. Tofauti ya alama tano, ambayo katika tangazo huonekana kuwa kubwa, ni sehemu moja ya mia ya milimita chini ya ncha ya almasi. Tofauti hiyo si ya kudharauliwa, kwa kuwa katika ukingo mwembamba wa kisu huleta athari dhahiri. Lakini kipimo hiki kinajibu swali moja tu: feleji hubonyezwa kiasi gani? Hakisemi lolote kuhusu pigo, msuguano wala kutu.

Kwa minajili ya ulinganisho, visu vingi vya jikoni vya mtindo wa Ujerumani, mathalani vile vya mji wa Solingen, huwa kati ya alama 54 na 58. Visu vingi vya wapishi vya Japani huzidi 60. Feleji za unga zilizo ngumu mno huanzia takriban 64. ZDP-189 ya Japani, iliyobuniwa na kampuni ya Hitachi Metals ambayo mwaka wa 2023 ilibadili jina na kuitwa Proterial, hufanywa kuwa kati ya 64 na 67. Maxamet ya kampuni ya Carpenter na Rex 121 ya kampuni ya Crucible, zote za Marekani, zaweza kukaribia 70.

Kutoka tone hadi ubapa

Ili kuelewa kwa nini feleji hizi zikabuniwa, sharti ieleweke kwanza kasoro ya njia ya zamani. Feleji ya kawaida huyeyushwa, ikamiminwa katika kalibu kubwa, ikaachwa ipoe. Pande kubwa la feleji hupoa polepole. Wakati huo kaboni huungana na metali kama vile kromiamu na vanadiamu, na kufanya chembe ngumu ziitwazo kabidi. Kwa kuwa zina muda wa kutosha, kabidi hizo hukua na kukusanyika mahali pamoja, mithili ya uji uliokorogwa vibaya ukafanya madonge. Kadiri kaboni na metali hizo zinavyozidishwa, ndivyo madonge yanavyozidi. Feleji ikivuka kiasi fulani haifuliki tena. Hupasuka chini ya nyundo.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, wahandisi wa Uswidi na wa Marekani walipata ufumbuzi. Kule Uswidi, kazi hiyo ilifanywa na kampuni za ASEA na Stora, na uzalishaji ukashika mizizi huko Söderfors. Kule Marekani, ilifanywa na kampuni ya Crucible. Ufumbuzi wenyewe ulikuwa huu: badala ya kupoza pande moja kubwa, feleji iliyoyeyuka hutiririshwa kupitia tundu jembamba, kisha mkondo huo hupigwa kwa gesi ya naitrojeni yenye mgandamizo mkubwa. Mkondo hutawanyika ukawa matone madogo sana, na kila tone huganda kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kabidi hukosa nafasi ya kukua. Kila punje ya unga huwa ni pande dogo la feleji, na mchanganyiko wake ni sawa na wa punje nyingine zote.

Unga huo huchekechwa, ukajazwa katika kopo la chuma. Hewa hutolewa na kopo likafungwa kabisa. Hatua inayofuata inategemea mbinu iliyobuniwa mwaka wa 1955 katika taasisi ya Battelle, jimboni Ohio, kwa ajili ya kazi za nishati ya nyuklia. Kopo huingizwa katika tanuri lenye joto la takriban nyuzi 1,100 za Selisiasi au zaidi, huku gesi ikiligandamiza kutoka kila upande kwa nguvu ipatayo mara 1,000 ya ile ya hewa ya kawaida. Unga hauyeyuki. Punje hushikamana zenyewe kwa zenyewe hadi pasiwe na upenyo wowote. Kipande kinachopatikana ndicho hufuliwa na kupigwa kuwa mabamba, na mabamba ndiyo hukatwa kuwa visu.

Hapa kuna kosa moja la kuepukwa. Wengine hudhani kuwa unga ndio unaoifanya feleji kuwa ngumu. Sivyo. Ugumu hutokana na kaboni iliyomo na namna feleji ilivyopashwa moto na kupozwa. Unga hufanya jambo jingine: unaruhusu kaboni na kabidi nyingi ziingizwe bila madonge. ZDP-189 ina kaboni takriban asilimia 3 na kromiamu asilimia 20. Springi ya gari, ambayo mafundi wa jua kali hupenda kuifua kuwa panga, huwa na kaboni inayokaribia asilimia 0.6. Kwa njia ya kawaida, feleji yenye kaboni ya asilimia 3 ingekuwa vigumu mno kufuliwa kuwa ubapa wa kutegemewa.

Faida kwa ukingo mwembamba

Ukingo wa kisu kilichonolewa vyema huwa na unene usiofika mikroni moja, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Katika feleji ya kawaida yenye kromiamu nyingi, mathalani ile iitwayo D2, kabidi zaweza kuwa na upana wa makumi ya mikroni. Kabidi kama hiyo katika ukingo wa kisu ni sawa na jiwe kubwa lililojengewa katika ukuta mwembamba. Jiwe likichomoka, ukuta hubaki na tundu. Katika feleji ya unga, kabidi nyingi huwa na upana wa mikroni chache tu. Zimetapakaa kila mahali kwa usawa, kwa hiyo ukingo hunoleka vizuri zaidi, na ushupavu wa feleji huwa mkubwa kuliko ule wa feleji yenye mchanganyiko huohuo iliyotengenezwa kwa njia ya zamani.

Ugumu nao una faida yake ya pekee. Ukingo unapokuwa mgumu haupindiki kwa urahisi, na kwa sababu hiyo mfua kisu anaweza kuthubutu kuufanya mwembamba zaidi. Ubapa mwembamba hupenya kwa nguvu ndogo. Hii ndiyo siri ya visu vya Kijapani: nyembe zake huteleza katika nyama ya samaki si kwa sababu feleji ni ngumu tu, bali kwa sababu ugumu umeruhusu umbo jembamba. Ikiwa mtu atanunua feleji yenye alama 67 kisha ubapa wake ukawa mnene kama wa panga, atakuwa amelipia ugumu asioutumia.

Gharama ya ugumu

Makali ya kisu huharibika kwa njia kuu tatu. Hulika kwa msuguano hadi yakawa butu. Hupindika au kulala upande. Au humeguka yakaota mapengo. Feleji laini hupindika kabla ya kumeguka. Feleji ngumu mno haipindiki, ikizidiwa, humeguka. Tofauti hii ina uzito mkubwa kwa mtumiaji. Makali yaliyolala huweza kuinuliwa kwa kupitishwa mara chache kwenye fimbo ya kunolea, kama wafanyavyo wauza nyama. Makali yenye pengo hayainuliki. Ni lazima ubapa wote usagwe hadi pengo liishe, na kila usagaji hupunguza umri wa kisu.

Kwa kawaida, feleji ileile ikipewa ugumu zaidi hupungukiwa na ushupavu. Fauka ya hayo, wingi wa kabidi nao hupunguza ushupavu, hata kama kabidi zenyewe ni ndogo. Rex 121 ina vanadiamu zaidi ya asilimia 9 na tangsteni ipatayo asilimia 10, na uvumilivu wake wa msuguano ni wa kiwango cha juu kabisa. Lakini kisu chake kikipindwa kando ndani ya mfupa, au kikiangukia sakafu ya saruji, huenda ncha isiokotwe nzima.

Jambo jingine ni kunoa. Kabidi ya vanadiamu ina ugumu wa takriban 2,800 kwa kipimo cha Vickers. Oksidi ya alumini, inayotumiwa katika vinoo vingi vya madukani, ina takriban 2,000. Kinoo, basi, ni laini kuliko kabidi inayotakiwa kunolewa. Kinachotokea ni kwamba kinoo husaga feleji inayozizunguka kabidi, lakini chenyewe hakizikati. Kazi huwa ndefu na matokeo huwa hafifu. Feleji zenye vanadiamu nyingi huhitaji kinoo cha almasi au cha nitridi ya boroni. Mnoaji apitaye mitaani na cherehe yake juu ya baiskeli ni fundi anayeheshimika, na kwa visu vya kawaida kazi yake haina lawama. Lakini akipewa kisu cha Maxamet, yeye na mwenye kisu watapoteza muda. Tena ukingo mwembamba ukisagwa pasi na maji hupata moto upesi, na moto huo waweza kuharibu kile kilichofanywa na mtaalamu wa tanuri.

Kutu na hesabu ya kromiamu

Mnunuzi mwingine huangalia asilimia ya kromiamu na kukata kauli kuwa kisu hakitashika kutu. Hesabu hiyo nayo hupotosha. Kromiamu inayokinga kutu ni ile iliyoyeyukia ndani ya feleji yenyewe. Ile iliyonaswa na kaboni na kuwa kabidi huongeza uvumilivu wa msuguano, lakini haichangii kinga. ZDP-189 ina kromiamu asilimia 20, lakini kwa kuwa kaboni yake ni nyingi mno, sehemu kubwa ya kromiamu hiyo imefungwa. Kinga yake ni ndogo kuliko tarakimu inavyoahidi.

Mfano wa kinyume ni CPM MagnaCut, feleji ya unga iliyobuniwa na mtaalamu wa metali Larrin Thomas wa Marekani na kuzinduliwa mwaka wa 2021. Kromiamu yake ni karibu asilimia 10.7 tu. Hata hivyo, mchanganyiko ulipangwa ili kabidi ziwe za vanadiamu na niobiamu, na kromiamu ibaki huru. Matokeo yake ni feleji inayokinza kutu vizuri kuliko nyingi zenye kromiamu zaidi, huku ikiwa na ushupavu mzuri katika alama 60 hadi 64. Feleji hii inathibitisha kuwa maendeleo ya fani hii si mbio za kuelekea alama 70. Wabunifu wake walitafuta uwiano.

Kuchagua kwa kuzingatia kazi

Baada ya maelezo hayo, uchaguzi waweza kupangwa kwa kuzingatia kazi nne za mfano.

Kazi ya kwanza ni kukata maboksi, kamba na mazulia. Vitu hivi hulisha makali mchanga na vumbi, lakini havipigi kisu kwa kishindo. Hapa uvumilivu wa msuguano ndio mfalme. Maxamet, CPM 10V iliyozinduliwa mwaka wa 1978, au CPM S90V yenye vanadiamu takriban asilimia 9, zote zafaa, mradi mtumiaji ana kinoo cha almasi na haubanduli mfuniko wa debe kwa ncha ya kisu chake.

Kazi ya pili ni kukata mboga na minofu ya samaki juu ya kibao cha mbao. Hapa wembamba ndio unaotakiwa, na ugumu unauruhusu. ZDP-189 au HAP40 ya Japani humpa mpishi makali ya kudumu. Masharti ni mawili: kisu kisiguse mfupa wala chakula kilichogandishwa, na kibao kisiwe cha kioo wala cha jiwe. Kwa HAP40 kuna sharti la tatu, nalo ni kupangusa kisu kila mara, kwani kromiamu yake ni kidogo na hushika kutu.

Kazi ya tatu ni ile ya baharini, palipo na maji ya chumvi. Mvuvi akinunua feleji yenye ugumu wa 68 isiyokinza kutu, ukingo wake utaliwa na chumvi hata kabla ya kuliwa na samba. MagnaCut inafaa, kadhalika Vanax ya kampuni ya Uddeholm ya Uswidi, ambayo sehemu kubwa ya kaboni imebadilishwa na naitrojeni na ambayo ina kromiamu takriban asilimia 18.

Kazi ya nne ni kupasua: kuni, mifupa, nazi. Hapa ushupavu hutangulia vyote. Katika jamii ya feleji za unga, CPM 3V ndiyo hutajwa mara nyingi. Kaboni yake ni asilimia 0.8 tu, na kwa kawaida huachwa katika alama 58 hadi 60 kwa makusudi. Lakini msomaji asisahau kuwa springi ya gari iliyofuliwa na mhunzi stadi hufanya kazi hiyohiyo kwa bei ndogo, na hunoleka kwa tupa. Kwa kazi hii, kununua feleji ngumu mno ni kulipa zaidi ili upate kisu kibaya zaidi.

Mkono wa mtaalamu wa tanuri

Jina la feleji pekee halitoshi. Feleji ileile ikipitia matanuri mawili hutoa visu viwili vyenye tabia tofauti. Ubapa hupashwa moto hadi takriban nyuzi 1,000 hadi 1,200 kutegemea aina yake, ukapozwa kwa haraka. Mara nyingi huingizwa katika naitrojeni kimiminika yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sufuri ili mabadiliko ya ndani yakamilike. Kisha hupashwa tena kwa moto wa wastani ili upunguziwe ukakasi wa kuvunjika. Hatua hii ya mwisho ikifanywa vibaya, feleji ghali hugeuka kuwa kisu duni. Kwa hiyo mnunuzi mwerevu huuliza maswali matatu: feleji ni ipi, alama yake ni ngapi, na ni nani aliyeipasha moto. Muuzaji asiyeweza kujibu swali la pili na la tatu hajauza ila jina.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa feleji ya unga ni uvumbuzi mkubwa uliowezesha kabidi nyingi kuishi pamoja ndani ya ubapa bila kufanya madonge. Yameonyesha pia kuwa ugumu wa kupindukia una manufaa mahususi na gharama mahususi. Anayekata maboksi mchana kutwa na ana kinoo cha almasi atafaidi. Anayepasua mifupa na kutegemea mnoaji wa mtaani atajuta.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili kuna funzo la ziada. Lugha inapotumia neno moja, gumu, kwa maana ya kisichobonyea na kisichovunjika, mnunuzi hukosa nyenzo ya kuulizia swali lililo muhimu kwake. Maneno ya kutenganisha maana hizo yapo: ugumu, ushupavu, uvumilivu, makali. Hayahitaji kuazimwa kutoka popote. Yanahitaji kutumiwa kwa uangalifu, kila moja mahali pake. Wahenga walilifanya hilo waliposema kisu kikali. Mwenye kisu kigumu asichoweza kukinoa atawatazama wenzake wakila.

Maswali ya kujadili

1. Eleza tofauti iliyopo kati ya ugumu na ushupavu kwa kutumia mifano miwili isiyotajwa katika makala.
2. Kwa nini asilimia ya kromiamu pekee haitoshi kubaini ukinzani wa kutu wa feleji?
3. Mwenye kibanda cha kuuza nyama ameshauriwa anunue kisu cha Maxamet kwa kuwa "ndicho kigumu kuliko vyote". Mwandikie barua ya ushauri.
4. Kusanya maneno yanayotumiwa na wahunzi na wanoaji wa eneo lako kueleza namna makali yanavyoharibika, kisha uyalinganishe na istilahi zilizotumika hapa.